Mgeni Shambani: Hotuba ya Katibu katika Sherehe ya Miaka 10 ya Chama Kikuu



Tumepewa kazi ya kusema nanyi juu ya jambo ambalo wengi wenu mmelisikia nusu nusu magulioni, na kila aliyelisikia amelisikia kwa namna yake. Wengine wameambiwa ati Chama Kikuu chataka kujenga hoteli. Wengine wameambiwa ati mashamba yetu yatatolewa kwa Wazungu wapate kupiga picha. Mzee mmoja alitujia ofisini na fimbo yake, akatuuliza kama ni kweli kwamba kitanda chake cha kamba kitaandikwa katika daftari la Chama. Tulimwambia sivyo. Akaketi, akanywa maji, akaenda zake. Lakini twadhani hakusadiki. Kwa hiyo ni vema leo, katika sherehe hii ya miaka 10, tueleze tuliyoyaona kwa macho yetu, ili mtakapopiga kura siku ya Mkutano Mkuu mjue mnapigia kura jambo gani.

Jambo lenyewe ni hili. Zipo nyumba za wakulima zinazopokea wageni wa kulipa. Mgeni hulala siku moja au tatu katika chumba safi, asubuhi hupewa chakula cha kufungulia kinywa kilichotoka katika shamba lile lile, kisha huzunguka shambani na mwenyeji wake au huketi chini ya mti akapumzika. Shamba lenyewe hulimwa kwa kilimo hai, yaani bila mbolea za viwandani wala dawa za sumu, na nyumba huendeshwa kwa namna isiyoharibu maji wala miti. Mwezi wa Februari 2024 Kamati ya Utendaji ilitutuma watu watatu kwenda kulala katika nyumba ya namna hiyo: Mweka Hazina wetu, Mama mmoja mjumbe wa Halmashauri, na Katibu anayesema nanyi. Tuliagizwa tulipe kama wageni wengine, wala tusijitangaze kuwa wageni wa heshima, kwa maana mtu anayekirimiwa haoni kasoro.

Tulikwenda Kilimanjaro, upande wa Marangu. Huenda mkauliza kwa nini mbali kiasi hicho, siku mbili katika basi. Wale ni wakulima wa kahawa kama sisi, na katika ushirika wao ni kaka zetu. Chama chao cha kwanza cha wapanda kahawa kiliundwa mwaka 1925, na baada yake kikazaliwa mwaka 1933 Chama Kikuu kijulikanacho kwa herufi KNCU. Sisi twapigia ngoma miaka 10, ilhali wao wamekwisha kuvuka 90. Tena KNCU wenyewe walipata kuanzisha utalii wa kahawa, mradi uitwao Kahawa Shamba, wa kuwatembeza wageni katika mashamba ya wanachama. Basi si jambo geni katika ushirika, wala si la kubuniwa na sisi.

Aidha, shamba la Mchagga, yaani kihamba, ni la namna ya pekee. Si kahawa peke yake, wala si migomba peke yake. Juu kabisa ipo miti mirefu, chini yake migomba, chini ya migomba kahawa, na chini ya kahawa magimbi na mboga, na nyumba ya mwenyewe imo katikati. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilikitambua kihamba cha Shimbwe Juu, huko Moshi Vijijini, kuwa urithi wa kilimo wa kuhifadhiwa duniani. Tulipolisoma jambo hilo tulijiuliza: ikiwa kihamba kimetambuliwa, ngoro zetu hapa Umatengo zimekosa nini? Swali hilo tutalirudia.

Tulifika jioni, mavumbi yametujaa na miguu imevimba. Mwenyeji alitupokea barabarani kwa mkokoteni wa mkono, akapakia mizigo yetu, kwa maana gari haliingii kwake wala hataki liingie. Nyumba ya wageni si kubwa. Ni vyumba vitatu vya matofali ya udongo, dari ya mianzi, na dirisha la kila chumba latazama migomba. Sisi tulitazamia kitu kama nyumba za wageni za mjini, na Mweka Hazina alitunong'oneza, "Ni hii tu?" Ndiyo, ilikuwa ni hii tu.

Chumbani mna kitanda, godoro, shuka nyeupe zilizoanikwa juani, chandarua, na taa ya umeme wa jua. Televisheni hakuna. Maji ya kunywa yamo katika chupa za kioo, yamechemshwa na kufunikwa. Chupa za plastiki hazitupwi katika kihamba kile. Mgeni akija nayo huondoka nayo. Maji ya kuoga hupata moto juu ya paa katika pipa lililopakwa rangi nyeusi, na kila mtu ana ndoo yake moja kwa siku. Yakisha kutumika hupita katika shimo la kokoto na mchanga, kisha huenda kunywesha magimbi. Kwa hiyo mama mwenye nyumba huwaomba wageni watumie sabuni aliyoiweka yeye, wasimwage dawa za nywele na mengineyo. Choo ni cha shimo kavu, hutupiwa majivu badala ya maji, wala hakinuki. Twalisema hili waziwazi kwa kuwa katika Halmashauri liliulizwa kabla ya maswali mengine yote.

Habari ya ndoo moja ilitushangaza kidogo, kwa kuwa mlima ule una maji mengi. Lakini Februari huko ni kiangazi, na maji huja kwa mfongo, yaani mfereji wa kale uletao maji kutoka makorongo ya juu, na kila nyumba ina zamu yake. Mwenyeji alitueleza kwamba mgeni hana zamu katika mfongo. Aogapo, huoga katika zamu ya shamba. Akiongezewa ndoo ya pili, kuna mgomba uliokosa. Tangu hapo hatukuiulizia tena ndoo ya pili.

Sasa hatuna budi kueleza kosa letu, kwa kuwa ndilo lililotufundisha kupita maelezo yote. Usiku wa kwanza mmoja wetu aliona buibui mkubwa ukutani juu ya kitanda. Hatutamtaja mtu huyo. Huenda akawa Mweka Hazina, na huenda akawa ndiye anayesema nanyi sasa. Mkobani mwake alikuwa na kopo la dawa ya kupulizia wadudu, ambalo hulichukua kila aendapo safarini. Akapuliza chumba kizima, akalala kwa amani.

Asubuhi mwenyeji alisimama mlangoni, akanusa. Hakupaza sauti. Aliuliza tu, "Ndugu zangu, mmepuliza?" Tukanyamaza kama watoto wa shule. Akatuonyesha mizinga ya nyuki iliyotundikwa hatua chache kutoka dirishani petu. Kisha akatuambia kwamba jioni ile alikuwa akiwangoja mtu na mkewe kutoka Ujerumani, nao walikuwa wamemwandikia mapema kwamba mke ana maradhi ya pumu, na kwa sababu hiyo hasa wametafuta nyumba isiyotumia dawa. Chumba cha tatu kilikuwa tayari kwa ajili yao, lakini dari ya mianzi ni moja juu ya vyumba vyote, na hewa ya huku huingia kule. Akachukua simu, akawaeleza kweli, akawapeleka kwa mkulima mwenzake wa upande wa pili wa korongo. Akakosa fedha ya siku 2. Tulitaka kumlipa fedha yote, akakubali nusu. Nusu hiyo sisi wanaume wawili tuliitoa mifukoni mwetu, si katika mfuko wa Chama, na msije mkaitafuta katika hesabu.

Wakulima wenzetu, twawaomba mlifikiri tendo la mtu yule. Angaliweza kufungua madirisha na kuchoma udi, na wale wageni wasingejua lolote. Kitanda mgeni hukiona. Shuka huzigusa, chakula hukionja, na choo hukinusa. Lakini kutokuwapo kwa dawa hakuonekani kwa macho wala hakuonjeki kwa ulimi. Hicho ndicho kitu hasa ambacho mgeni wa namna ile amekifuata kutoka mbali, na hicho hukinunua kwa imani tupu. Basi anayeuza kitu cha namna hiyo anauza neno lake mwenyewe, na neno likisha kuharibika halina soko la pili.

Mchana alitutembeza shambani. Kihamba chake hakifiki ekari 2. Ana ng'ombe wawili wa zizini wanaolishwa majani ya migomba na nyasi za kukatwa. Samadi yao huingia kwanza katika mtambo uliochimbiwa ardhini, nao hutoa gesi ya kupikia chai ya wageni na chakula cha nyumbani. Tope linalobaki hurudishwa kwenye migomba na kahawa. Ndiyo kusema kuni huwashwa mara chache, na miti haikatwi kwa ajili ya mgeni. Kwa wadudu hutumia majani ya utupa yaliyopondwa na kulowekwa. Hapa alituonya jambo tusilolitazamia: utupa, ingawa ni mmea, huua samaki, kwa hiyo hauchanganywi wala mabomba hayaoshwi karibu na mfongo. Mtu asidhani kwamba kila kitokacho msituni hakina madhara.

Dhidi ya kutu ya majani na chulebuni, silaha yake kubwa ni miche mipya yenye kustahimili maradhi hayo, iliyotokana na kazi ya watafiti wa kahawa wa Lyamungu, pamoja na kupogoa matawi ili hewa ipite. Mweka Hazina aliuliza juu ya dawa za shaba, zile za jamii ya mrututu tulizozizoea. Hapa twadhani wengi wenu mtashangaa, kwa maana shaba haikukatazwa kabisa katika kilimo hai. Sheria ya Ulaya yairuhusu kwa kipimo, nacho ni kilo 28 za shaba katika hekta moja kwa muda wa miaka 7. Lakini hapana budi kila gramu iandikwe. Na kweli, alilonalo mtu yule kuliko sisi ni daftari. Kila kitu kiingiacho shambani kimeandikwa: tarehe, kipimo, mahali kilipotoka, na sababu yake.

Tulipofika mpakani tuliona jambo jingine. Mpaka wake ni ua wa isale, mmea ambao Wachagga huupa heshima kubwa, na ambao mtu huupeleka kwa mwenzake anapoomba msamaha. Ng'ambo ya isale jirani yake hupiga dawa za dukani katika kahawa yake. Mwenyeji wetu hamkatazi, wala hana haki ya kumkataza. Afanyalo ni hili: mistari miwili ya kahawa iliyo karibu na ua huichuma peke yake, huikausha peke yake, na huiuza kama kahawa ya kawaida kwa bei ya kawaida. Kila mwaka hupoteza fedha katika mistari ile miwili. Tulimwuliza kama haoni uchungu. Akasema uchungu upo, lakini cheti chake ni cha kundi; wakulima wengi wamo ndani ya cheti kimoja, hukaguana wenyewe kwa wenyewe kabla mkaguzi wa nje hajafika, na gunia moja la uongo laweza kuwachafua wote. Jirani yule, wakati tunazungumza, alikuwa ng'ambo akipalilia, naye alitusalimu vizuri sana.

Hatutaki kuwaficha ugumu wa jambo hili. Ili kahawa iuzwe Ulaya kwa jina la kilimo hai, shamba la mazao ya kudumu hupitia miaka 3 ya mpito kabla ya mavuno ya kwanza kukubaliwa. Katika miaka hiyo mkulima huacha mbolea ya dukani, mavuno yaweza kupungua, na bei haijapanda. Kwetu sisi, ambao wengi tumeizoea mbolea ya mfuko, hiyo ni miaka ya njaa ya mfuko. Kwa soko la hapa kwetu Afrika Mashariki ipo kanuni yetu wenyewe ya kilimo hai ya mwaka 2007, pamoja na alama ya Kilimohai. Nayo huwawezesha wakulima wa kundi moja kudhaminiana. Huenda njia hiyo ikatufaa kwanza.

Tuseme kidogo juu ya chakula cha asubuhi, kwa kuwa tuliporudi ndicho kilichoulizwa zaidi na vijana. Tuliletewa ndizi mbivu na za kuchemsha, mayai, maziwa, asali ya mizinga ile ile tuliyotaka kuiharibu, maparachichi, na uji wa ulezi. Mchana mmoja tulipewa mtori, na hatuna la kusema juu ya mtori ila kwamba Mweka Hazina aliomba bakuli la tatu. Lakini kilichotutia haya ni kahawa. Mama mwenye nyumba aliikaanga mbele yetu katika chungu, akaitwanga, akaipika, akatupa kila mtu kikombe. Wageni wetu, maofisa mliotoka mbali, msitucheke: sisi wakulima wa kahawa, wana wa wakulima wa kahawa, hunywa chai. Wapo hapa ukumbini watu waliopeleka magunia mnadani miaka yote 10 ya Chama hiki, nao hawajapata kuijua ladha ya jasho lao. Pale kwa mara ya kwanza tulifahamu kwa nini mnunuzi hulalamika juu ya buni iliyokaa na unyevu.

Jioni ya mwisho Mweka Hazina aliomba kuona hesabu, na mwenyeji, kwa kuwa sasa alikwisha kujua sisi ni watu gani, alimfungulia daftari. Mgeni mmoja hulipa shilingi 60,000 kwa siku, pamoja na chakula cha asubuhi. Mwaka 2023 alipata malazi 83, yaani tukihesabu kila mtu na kila usiku aliolala. Matumizi ya kila malazi yalikuwa hivi: chakula 12,000, sabuni na kufua 3,000, binti wa kusaidia 6,000, matengenezo 9,000, leseni na ada 5,000. Jumla 35,000. Zikabaki 25,000, na kwa mwaka mzima 2,075,000. Mweka Hazina akapiga hesabu mara mbili, akaona ni sawa, akafurahi. Alituambia kwamba kwa ekari zisizofika 2, na bila kung'oa mche mmoja, fedha hiyo si ya kudharauliwa.

Hapo Mama Mjumbe, ambaye alikuwa kimya, akauliza, "Na ujira wa mama umeandikwa mstari wa ngapi?"

Hamna budi kujua kwamba wakati sisi wanaume tukitembezwa mashambani, Mama Mjumbe alikuwa akiamka saa 10 alfajiri na kuingia jikoni kumsaidia mwenye nyumba. Alikuwa amehesabu: kukamua, kuchota, kupika, kuosha, kufua shuka, kufagia, kutandika, saa 5 za kazi kwa siku moja ya wageni, mbali na kazi za nyumba yake mwenyewe. Mwenyeji alicheka, akasema, "Huyu ni mke wangu, si kibarua." Mama Mjumbe akajibu kwa adabu, "Na ng'ombe ni wako pia, baba, lakini majani yake umeyaandika."

Mama mwenye nyumba alikuwa amesimama mlangoni na birika. Alisema neno moja tu: "Nimemwambia." Kisha akarudi jikoni.

Daftari lile hatukuliona tena, wala si kazi yetu kuingia katika nyumba ya mtu. Lakini katika basi, siku mbili za kurudi, hatukuzungumza jambo jingine. Mweka Hazina alisema kwamba kama ujira wa saa hizo utaandikwa, faida itapungua sana, na huenda wanachama wakakata tamaa. Mama Mjumbe alisema kwamba faida inayopungua kwa kuandikwa haikuwa faida, bali ni deni ambalo mtu mmoja amelilipa bila kuulizwa. Sisi tulikuwa tumeketi katikati yao, na twakiri kwamba hadi Makambako tulikuwa upande wa Mweka Hazina. Tulipofika Songea hatukuwa tena upande wake.

Fikirini ngoro zetu. Mwanamume hufyeka nyasi na kuzipanga miraba. Kisha mwanamke ndiye anayezifukia kwa udongo na kuchimba mashimo, mlima mzima, kwa jembe la mkono. Ngoro hushika maji ya mvua na udongo hauporomoki, ndiyo maana milima yetu mikali ingali inalimika. Wageni wa kuzitazama watapatikana, na wataalamu wamekwisha kuja. Lakini tazamieni itakavyokuwa: bwana amesimama ukingoni na fimbo akimweleza mgeni ustadi wa ngoro, ilhali mwenye ustadi yumo shimoni, ameinama, na jioni anangojewa apike.

Mweka Hazina alikuwa na shauri jingine pia, nalo ni la watu wengi waheshimiwa: kwamba Chama Kikuu chenyewe kijenge nyumba moja ya vyumba 12 karibu na ofisi, na faida iwe ya wote. Shauri hilo tumelipima kwa heshima, na hatukulikubali. Nyumba ya vyumba 12 kando ya ofisi ni hoteli, na hoteli mgeni atazipata Songea. Tulisoma habari za Italia, ambako mambo haya yana sheria tangu mwaka 1985, ikafanywa upya mwaka 2006. Huko mkulima huruhusiwa kulaza wageni shambani kwa sharti kwamba kilimo kibaki kuwa kazi kubwa kupita kazi ya wageni, na jambo hilo hupimwa hasa kwa saa za kazi. Mtu akigeuza zizi kuwa baa na shamba likawa pambo, hahesabiwi tena kuwa mkulima mwenye wageni. Twaona sharti hilo lina akili. Na mwangalie jinsi linavyotaka saa zihesabiwe, jambo lile lile ambalo Mama Mjumbe alilifanya jikoni bila sheria yoyote.

Basi azimio litakaloletwa mbele yenu ni dogo kuliko uvumi. Zichaguliwe nyumba 4 tu za kuanzia, katika vyama vya msingi vinne tofauti, kila nyumba isizidi vyumba viwili. Chama Kikuu kisikopeshe fedha ya kujenga nyumba mpya. Kikopeshe ya choo, pipa la maji, vyandarua na taa tu. Shamba liingie kwanza katika miaka 3 ya mpito, daftari likikaguliwa na wanachama wenzake, na jina la kilimo hai lisitamkwe kwa mgeni kabla ya muda huo kutimia. Kazi ya kila mtu wa nyumba iandikwe kwa saa, na ujira wa anayewahudumia wageni uingizwe katika akaunti yenye jina lake mwenyewe. Sharti hili la mwisho lilipingwa katika Halmashauri kwa maneno makali, likapita kwa kura 2. Wanaolipinga watapewa nafasi ya kusema katika Mkutano Mkuu, nasi twawaomba waseme. Masharti ya Chama yatahitaji kurekebishwa, na marekebisho hayo hayafanyi kazi mpaka Mrajis ayaandikishe. Kwa hiyo hata mkikubali yote, hakuna mgeni atakayelala kwa mtu mwaka huu.

Tena asiwadanganye mtu kwamba magari ya wageni yamekwisha kupanga mstari. Kilimanjaro ina mlima wake na kiwanja cha ndege. Sisi hatuna theluji. Tunazo ngoro, tunayo kahawa, na tunayo njia iteremkayo Mbamba Bay hadi Ziwa Nyasa, ambayo wasafiri wachache huipita bila kusimama kwa kuwa hawana pa kulala ila mjini. Huenda mwaka wa kwanza nyumba moja ikapata wageni 10, au isipate hata mmoja. Mwanachama anayetaka kuuza ng'ombe ili ajenge chumba cha wageni, twamsihi asiuze. Ng'ombe huyo atamhitaji kwa samadi.

Wanaotaka kuandikwa miongoni mwa wale wanne wapeleke majina kwa Katibu wa chama chao cha msingi kabla ya msimu wa kuchuma kuanza. Majina yawe mawili, la mume na la mke, au la mwenye shamba na la atakayewahudumia wageni, na wote wawili waje siku ya kuhojiwa. Waje na daftari la shamba. Asiye na daftari aanze leo kwa kuandika alichopaka, alichopulizia na alichonunua tangu mvua za kwanza, hata kama ni aibu. Hata sisi tuliandika habari ya kopo lile katika taarifa yetu kwa Kamati.

Mama mwenye nyumba wa Marangu alitupa kopo la kahawa aliyoikaanga mwenyewe tuwaletee. Tumeichanganya na kahawa ya chama cha msingi cha hapa, iliyokaangwa jana na akina mama wa Kamati ya Chakula, kwa kuwa ile peke yake isingetosha. Ipo nyuma ya ukumbi katika birika mbili kubwa. Vikombe ni vichache, kwa hiyo atakayekunywa akioshe ampe mwenzake, na wazee watangulie.